Naombeni ushauri: giza linarudi na mtoto wa miezi nane sina wa kumwachia (Kigoma)

Mama wa Mwanga (Jumamosi 12/10/2024)
Habari za jioni wapendwa. Naombeni ushauri na naomba msinitukane maana kichwa kimejaa. Mimi ni mama wa watoto watatu nakaa Mwanga hapa Kigoma mjini, kazi yangu nanunua dagaa mwaloni Kibirizi, pale mitumbwi inaposhusha, naanika nauza, wengine nawatuma Dar. Mume wangu yuko machimboni upande wa Mpanda, anarudi akipata. Dada wa kazi aliondoka mwezi wa saba akaolewa na tangu hapo nahangaika na dagaa na watoto peke yangu, wa mwisho ana miezi nane, wa katikati miaka mitano yuko awali. Sasa hivi mwezi mkubwa, mitumbwi imelala tunapumua, lakini giza, yaani usiku usio na mwezi ambapo dagaa wanavuliwa kwa taa, linarudi kuanzia tarehe 21, 22 hivi na siku za giza natoka saa kumi na moja alfajiri narudi jua linazama, na mvua nazo zimeanza kuotea, ukizembea nusu saa mzigo umekwisha. Je nimpeleke huyu mdogo kwa mama yangu Kasulu mpaka Januari au nitafute dada mwingine? Mwenye uzoefu anisaidie.

Nesi wa Zamu
Pole mama. Mtoto bado ananyonya? Kama ananyonya usimpeleke Kasulu. Maziwa yako anayahitaji mpaka miaka miwili, uji na vyakula vingine ni vya kuongezea. Halafu akifikisha miezi tisa ana chanjo ya surua na rubella, ukimpeleka kwa bibi hiyo kadi ya kliniki nani ataikumbuka? Na akipata kuhara huko, apewe ORS na zinki, zinki ni siku 10 mpaka 14 hata kama kuhara kumekata, wengi wanaacha siku ya tatu.

Mzee wa Kasulu
Binti yangu, mwezi huu bibi gani wa Kasulu yuko nyumbani? Mvua imeshagusa, watu wako shambani na mahindi na maharage toka alfajiri. Utamletea mtoto atakaa chini ya mwembe anakula embe bichi na udongo. Mama yako atakubali kwa sababu ni mama yako, sio kwa sababu anaweza.

Bwana Mgebuka
Mimi naona tatizo ni shemeji aliyeko machimboni. Arudi alee, wewe uende mwaloni. Dhahabu haikimbii.

Mkigoma wa Uholanzi
Mwakeye ndugu zangu. Nimesoma nikakumbuka nyumbani. Huku nako Oktoba ni balaa, majani yanaanguka, giza linaingia mapema, mwisho wa mwezi wanarudisha saa nyuma na mtoto wangu wa miaka miwili haelewi mambo ya saa, anaamka saa kumi usiku anataka mkate. Kituo cha kulelea watoto akikohoa tu wanapiga simu njoo umchukue, na kazini huwezi kumwambia bosi kila siku mtoto anakohoa. Mke wangu alilia juzi kwenye treni. Nilikuwa nadhani ni sisi tu tulio mbali na ndugu, kumbe hata ukiwa Mwanga katikati ya ukoo wako unaweza kukosa mkono wa kumpokea mtoto.

Chaki Nyeupe
Mama wa Mwanga, umesema watoto watatu umetaja wawili. Mkubwa yuko wapi?

Mama wa Mwanga
Asante nesi, ndio ananyonya. Mzee shikamoo, umesema kweli mama yangu hawezi kukataa. Mkubwa yupo, anasoma. Naomba turudi kwenye swali, dada wa kazi anapatikana wapi asiyesumbua?

Chaki Nyeupe
Anasoma darasa la ngapi? Na giza lililopita, dada hukuwa naye, bibi hukuwa naye, mtoto wa miezi nane alikuwa anakaa na nani toka alfajiri mpaka jioni? Nauliza kwa upendo, mimi ni mwalimu.

Shangazi Mawese
Dada wa kazi asiyesumbua hayupo, hata mimi mamako mdogo nasumbua. Wangu aliniachia sufuria ya maharage jikoni akaenda kuangalia harusi, nikakuta jirani anazima moto na ndoo. Lakini nilimsamehe, alikuwa anampenda mwanangu kuliko baba yake anavyompenda.

Mama wa Mwanga (Jumapili 13/10)
Mwalimu umenikalia kooni, sijalala. Sawa nasema. Mkubwa ni wa kike ana miaka kumi, darasa la nne. Giza lililopita yeye ndiye alikuwa anakaa na mdogo wake. Hajaenda shule toka tarehe 23 ya mwezi wa tisa. Kwa mwalimu wake wa darasa nilipeleka taarifa kwamba ana malaria, baadaye nikasema tumeenda msibani Kasulu. Najua mtasema. Lakini kabla hamjasema mjue ziwa lilifungwa uvuvi miezi mitatu, akiba yote tulikula, deni la kikoba linanisubiri, na mimi mwenyewe nililea wadogo zangu wanne nikiwa mdogo kuliko yeye na sikufa. Sio kwamba nimemtoa shule, ni siku za giza tu, mwezi ukiwa mkubwa anarudi. Kesho Nyerere Day, Jumanne anaingia darasani. Na giza likirudi akae tena na mdogo wake hizo wiki mbili halafu Desemba shule zinafungwa, mwakani nitakuwa nimejipanga. Yeye mwenyewe hajalalamika.

Chaki Nyeupe
Asante kwa kusema. Sasa chukua kalenda. Upimaji wa kitaifa wa darasa la nne ni Jumatano tarehe 23 na Alhamisi tarehe 24. Giza lako linaanza tarehe 21, 22. Ulikuwa unalijua hilo au hulijui?

Mama wa Mwanga
Nalijua.

Dada wa Gungu
Jamani. Mtoto wa miaka kumi hawezi kulalamika mbele ya mama anayetoka saa kumi na moja alfajiri, anaona unavyohangaika atasema nini? Mimi nilikuwa huyo mtoto. Nilibeba mdogo wangu mgongoni mwaka mzima, leo yeye ni fundi umeme mimi kusoma ujumbe wa simu ni mpaka nipate mtu. Simlaumu mama. Lakini siku nikiwa peke yangu namlaumu.

Mpenda Haki
Kumnyima mtoto shule ni kosa kisheria, Sheria ya Mtoto ya 2009 iko wazi kwamba mtoto ana haki ya elimu. Watu wa ustawi wa jamii wakilijua hili utaitwa. Tusilee uzembe kwa jina la umaskini.

Shangazi Mawese
Wewe Mpenda Haki ukiitwa wewe ukakae na huyo mtoto utaenda? Sheria haibebi mtoto mgongoni.

Jicho la Tatu
Samahani wakuu, mnahangaika bure hapa. Someni tena posti ya kwanza. Anasema dada aliondoka mwezi wa saba na "tangu hapo nahangaika na dagaa". Mwezi wa saba dagaa gani? Ziwa Tanganyika lilifungwa tarehe 15/5 likafunguliwa 15/8. Alikuwa anaanika nini, mchanga? Mara mume machimboni, mara deni, subirini kidogo itakuja namba ya simu ya kuchangia. Hizi hadithi tumezizoea.

Bwana Mgebuka
Duh. Hilo la tarehe sikuliona.

Kijana wa Katonga
Ila na hiyo kufunga ziwa nayo, mbona hatukuizungumza? Sisi tuliumia sana, mimi nyavu ziliwekwa ndani nikaenda kubeba matofali.

Mvuvi Mstaafu
Kijana, bila kufunga mngevua nini sasa hivi? Miaka ya nyuma tulikuwa tunajaza mtumbwi kabla ya saa sita usiku, siku hizi mnakesha na taa za sola mnarudi na karai tatu. Samaki aachwe azae. Shida yangu ni moja tu, waliokuwa wanategemea ziwa hawakupata la kushika ile miezi mitatu.

Jicho la Tatu
Mnatoka nje ya mada. Mwenye uzi ajibu.

Dada wa Kibirizi
Mimi naanika Kibirizi mwaka wa tisa, niacheni nimuulize. Mama wa Mwanga, mvua ikikukuta dagaa wako chini hawajakauka unafanyaje, na wakilowa unawapeleka wapi?

Mama wa Mwanga
Nafunika turubai kama nimewahi. Kama sijawahi, wakilowa wanalegea wanageuka rangi na harufu inabadilika, kesho yake kukiwa na jua nawaanika hivyo hivyo nawauza bei ya hasara kwa watu wa chakula cha kuku. Wiki iliyopita karai nne zimeenda kwa kuku. Na wewe Jicho la Tatu, mwezi wa saba nilikuwa sokoni Mwanga namalizia dagaa wakavu niliowaweka kabla ziwa halijafungwa, mtoto mgongoni. Niliandika haraka nikachanganya. Namba ya simu sitoi wala pesa ya mtu siitaki. Ningekuwa natunga ningejitungia uzi ambao mimi ni mama mzuri.

Dada wa Kibirizi
Huyu ni mwenzetu. Wa kutunga hajui habari ya kuku.

Jicho la Tatu
Kama ni kweli basi samahani dada. Ila tarehe muwe mnaangalia.

Dada wa Kibirizi
Sasa shoga, nikuambie tunavyofanya. Hapa nyuma ya mwalo kuna bibi mmoja anakaa na watoto wetu siku za giza, mimi wangu nampa elfu moja kwa siku na uji natoka nao kwenye chupa. Anao watano, wanalala kwenye mkeka kivulini mbali na moshi na jua. Wewe unakuwa hatua chache, mtoto akilia unakwenda unamnyonyesha unarudi kugeuza dagaa. Na tuko wawili tunapokezana, mmoja ananunua alfajiri, mwingine anafika saa mbili akishapeleka watoto shule. Sisi tulikosa wa tatu.

Nesi wa Zamu
Hii ndiyo nilitaka kusema toka mwanzo ila sikujua kama ipo. Chupa ya uji ioshwe kwa maji ya moto, maji ya ziwa hapana.

Mama wa Mwanga
Sikuwa najua kuna bibi. Mimi naanika upande wa mbele huku nakimbizana na watu nisiowajua. Ila nikifika saa mbili mzigo mzuri umeshaisha na wewe kuninunulia unaweza vipi kuniamini, hatujuani.

Dada wa Kibirizi
Njoo Jumatano nitakuwepo, uliza aliyefunga kitenge cha njano anayepiga kelele.

Chaki Nyeupe
Na shuleni nenda mwenyewe, usitume taarifa. Sema ukweli kwa mwalimu wa darasa, omba mtoto apewe madaftari ya mwenzake anakili. Sitakuuliza ni shule gani.

Mama wa Mwanga (Jumanne 22/10, usiku)
Mrejesho. Nilienda shule Jumanne ile, mwalimu wake alinisikiliza akanyamaza muda mrefu halafu akasema mtoto alikuwa wa sita darasani. Mimi sikuwa najua kama alikuwa wa sita. Wiki hii ameshinda anakili madaftari mpaka usiku na mdogo wake anamvuta kalamu. Yule wa kitenge cha njano nimemwona, nimemwachia hela ya karai mbili aninunulie kesho na keshokutwa, moyo unadunda kwa sababu ni hela ya kikoba. Mdogo jana amekaa kwa bibi siku nzima, alilia asubuhi baadaye akazoea. Sare nimefua imekauka, penseli mbili nimechonga. Kesho siendi mwaloni mpaka nimfikishe getini. Mawingu yamekaa vibaya upande wa ziwa.

Dada wa Gungu
Mwambie shangazi yake wa Gungu anamwombea.

Shangazi Mawese
Huyo bibi wa mwaloni bado ana nafasi? Binti yangu amejifungua mapacha.