Watoto wanasinzia kwenye sala ya jioni, nyie mnafanyaje?

MamaWawili: Habari zenu wapendwa. Nina watoto wawili, miaka 4 na 6, tupo Mwanga hapa Kigoma. Baba yao mvuvi wa dagaa, usiku yuko ziwani na taa zake, kwahiyo sala ya jioni ni mimi peke yangu na nikifungua Biblia tu mdogo keshalala na mkubwa anauliza tunakula saa ngapi. Nawalazimisha wee mpaka najionea huruma. Nifanyeje?

Bibi wa Ujiji: Mwanangu, saa tatu usiku mtoto wa miaka 4 unataka akeshe? Hamishia mchana. Mie wajukuu niliwahadithia Petro na nyavu zake tukiwa tunaanua dagaa, wakawa wanauliza wenyewe, bibi kwani usiku mzima hawakupata hata mmoja? Dakika tano, basi.

BabaT_Tabora: Bibi kamaliza. Hata Kumbukumbu la Torati 6:7 inataja kukaa nyumbani, kutembea njiani, kulala na kuamka, yaani popote tu. Kwetu kabla ya kula kila mtu anataja kitu kimoja cha kushukuru. Wa miaka mitatu kashukuru embe, kesho yake embe tena, wiki nzima embe, tumemwacha na embe lake.

MamaWawili: 😂😂 asanteni, kesho naanza na dagaa. Halafu mbalamwezi ikiwaka baba yao haendi kuvua, siku hizo aongoze yeye, hana pa kukimbilia.