Vijana, haya mambo ya tabianchi mnayachukuliaje?

kijana_wa22: Wakuu habari. Kusema ukweli haya mabadiliko ya tabianchi yananinyima raha, kila nikifungua simu ni mafuriko huku, joto linaua watu kule, halafu nikiwaambia wazee wananijibu mvua kubwa zilikuwepo tangu enzi na enzi. Vijana wenzangu mnaonaje, hofu hii ni ya kweli au tunatishwa tu? Na kuna la maana tunaloweza kufanya zaidi ya kupanda mti na kupiga picha?

Nyota_M: Tuko wengi ndugu. 2021 walihojiwa vijana 10,000 kutoka nchi 10, wa miaka 16 hadi 25, na karibu asilimia 60 walisema wana wasiwasi mkubwa au mkubwa mno. Mimi joto nalivumilia, kinachoniuma ni wakubwa kujua kila kitu na bado wanapiga danadana.

fundi_hewa: Mkuu wazee wako wana hoja, mvua kubwa zilikuwepo kweli, ila zimeongezewa nguvu. Hewa ikipanda joto kwa nyuzi 1 tu inaweza kubeba mvuke zaidi kama asilimia 7, sasa wingu likija kumwaga linamwaga kwa mkupuo, mvua ya wiki nzima inashuka mchana mmoja na mtaro uliokuwa unatosha miaka yote unafurika hadi mlangoni. Halafu hewa hiyo hiyo ikipita kwenye udongo mkavu inanyonya hata unyevu uliobaki. Ndo maana mafuriko na ukame vinakuja pamoja, watu wanadhani vinapingana kumbe mama mmoja.

Wakili_mtarajiwa: Kuhusu la kufanya, someni habari ya wale wanafunzi wa sheria wa visiwa vya Pasifiki. 2019 walianzia darasani tu, wakaishawishi serikali ya Vanuatu ipeleke suala Umoja wa Mataifa, na Julai 2025 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ikasema nchi zina wajibu wa kisheria kuilinda tabianchi. Ni maoni ya ushauri, hayamlazimishi mtu moja kwa moja, lakini mawakili kokote wanaweza kuyatumia mahakamani. Miti pandeni, ila msiishie hapo.

kijana_wa22: Aisee hii ya wanafunzi sikuwa naijua kabisa, asante sana. Sasa sisi ambao hatujasoma sheria tunaanzia wapi, kuna aliyewahi kwenda kuibana halmashauri yake kuhusu mitaro akasikilizwa?