Mzee wa suspenda kajifutia mafuta ya sambusa kwa ukurasa wangu wa 41!!!

Wakuu salaam. Au salaam tuziache, leo sina.

Nimetoka sasa hivi kwenye kile kikao cha waandishi, niko kwenye daladala nimebanwa mlangoni, naandika kwa dole gumba, mkiona herufi zimepishana msinirekebishe. Mzee mnamjua. Simtaji. Suspenda, kalamu tatu mfukoni, na ile hadithi yake ya kila kikao ya enzi za taipu na karatasi za kaboni. Mnamjua. Kila aliyewahi kuandika jini, roboti au maiti inayoamka hapa Dar ameshapita kwenye meno yake.

Leo zamu yangu. Hadithi yangu wengine mliisoma vipande vipande humu: mwaka 2190, chombo cha wachimba madini kinazunguka mwezi mmojawapo wa sayari ya Mshtarii, ndani watu tisa, na kwenye tangi la hewa kajificha popobawa, lile jini la usiku la visiwani lenye mabawa ya popo. Nikachapa nakala safi, upande mmoja wa karatasi, mistari imeachana kama wanavyotaka wakubwa. Hela ya stationery ilikuwa ya mchele.

Mzee kapokea. Kalamba kidole. Kafungua ukurasa wa kwanza, kausoma kwa ile sauti ya "hapo zamani za kale", watu wakaanza kuchekacheka. Nikameza. Kauliza, "Huyu popobawa ana kitambulisho cha NIDA? Maana safari ya mbali hiyo." Ukumbi ukaanguka. Mimi mwenyewe nikacheka, cha unafiki. Nikameza na hilo.

Ndipo zikaja sambusa.

Wakuu. Mzee kachukua sambusa, kaing'ata, mafuta yakamtiririka mpaka kwenye saa. Tishu zipo mezani! Boksi zima, limefunguliwa, linamtazama! Yeye kapeleka mkono kwenye mswada WANGU, kachomoa ukurasa wa 41, kajifuta kidole kimoja kimoja, kaanza na gumba, kamalizia na kile cha mwisho, halafu kaukunja mara nne kauweka chini ya kikombe cha chai. Huku mdomo umejaa anasema, "Kijana, hii siyo fasihi. Rudi ukaandike maisha."

Ukurasa wa 41!

Mjue basi ukurasa wa 41 ni upi. Popobawa sharti lake watu wa pwani wanalijua: akikutembelea, lazima uwatangazie watu. Usipotangaza anarudi. Sasa nahodha wangu kabaki peke yake, wenzake wote nane wameshakwenda na maji. Amtangazie nani? Anawasha redio kutangaza duniani. Na kutoka Mshtarii hata ujumbe unaokwenda kwa kasi ya mwanga unachukua kama dakika 33 sayari zikiwa karibu, na kama 54 zikiwa mbali. Mimi nimemweka mbali, makusudi. Kwa hiyo keshasema, lakini hakuna aliyesikia. Dakika 54 hizo hesabuni ametangaza au hajatangaza? Hata popobawa hajui. Yuko kwenye tangi anajigeuza, anasubiri kama yeye. Nilipouandika huo ukurasa nilishindwa kwenda msalani mpaka kukakucha. Leo una duara la chai na harufu ya kitunguu.

Eti siyo maisha. Shaaban Robert alitunga nchi nzima iliyo angani, Kusadikika, ikatoka 1951, kuna mtu alimfutia sambusa? Na huyu huyu mzee ndiye anayetokwa machozi akisimulia Adili na Nduguze ya Shaaban huyo huyo, na mle ndani kuna mji mzima umegeuka mawe na ndugu wawili wamegeuzwa manyani wanachapwa viboko kila usiku. Manyani ni maisha, popobawa siyo maisha!

Sina hoja nyingine. Kaanza na gumba. TISHU ZILIKUWEPO.

Nawasilisha.

Kipusa Mkavu:
Nimekaa paleee. Swali la msingi: sambusa ya nyama au ya viazi?

Mleta uzi:
Ya nyama. Inahusu nini?

Kipusa Mkavu:
Mafuta ya nyama hayana masihara, mzee alikuwa na dharura. Ingekuwa ya viazi ningekutetea.

Ngosha Mstaafu:
Punguza povu mkuu, wewe umefutiwa tu. Mimi nilimpelekea yangu ya wachawi wa Gamboshi, akalala. Sisemi alisinzia, ALILALA, anakoroma, nami nasoma kwa sauti mbele yake. Alipoamka akapiga makofi akasema "mwisho umetulia". Nilikuwa sura ya pili.

Sitaki Shari:
Mimi leo nilikuwepo. Mleta uzi hajawaambia kwamba sambusa nne kala yeye. Mzee kapata ile moja ya mwisho, imevunjika pembe.

Mleta uzi:
Idadi ya sambusa haihusiani na heshima ya mswada. Mimi nilijifuta kwa tishu.

Spana Malaya ya Chuma:
Tuweke sayansi sawa kwanza. Chombo kinachozunguka mwezi, vitu vyote ndani vinaelea. Popobawa akipiga bawa moja tu anakwenda kugonga dari, anarudi, anagonga sakafu. Kiumbe kinachobingirika hakimtishi mtu.

Mleta uzi:
Hapigi bawa, anatambaa kwa kucha kwenye mabomba. Ukurasa wa 19. Someni kabla ya kujenga hoja.

Spana Malaya ya Chuma:
Na hilo tangi? Oksijeni imeshindiliwa humo, shinikizo lake litamfanya chapati kabla hajamwona nahodha.

Bibi Mzaa Chema:
Jini na shinikizo wapi na wapi mwanangu. Jini haendi gereji.

Spana Malaya ya Chuma:
Basi isiitwe hadithi ya sayansi. Chagueni moja. Huwezi kumpa msomaji dakika 54 za ukweli halafu tangi ukaliendesha kwa hirizi.

Bibi Mzaa Chema:
Kwa nini asiweze? Ukweli wa dakika ndio unaofanya hirizi itishe. Mimi hizo dakika zimenikaa rohoni, nimeangalia saa ya ukutani mara mbili.

Mwana wa Wete:
Mie naona mwacheka tu, hakuna hata mmoja anouliza huyu mtu wa bara kapewa na nani ruhusa ya kumchukua popobawa wetu. Mwaka 1995 Pemba watu tumelala uani, mtaa mzima, moto umewashwa, inasomwa Kurani mpaka alfajiri. Nyinyi mlikuwa mwatucheka. Leo mwampeleka Mshtarii bila hata ya kutuaga.

Na hilo la kutangaza si jambo la redio. Mtu alikuwa akae barazani, mbele ya watu anaowajua na wanaomjua yeye na watoto wake, aibu yote usoni, aseme. Mabawa hatukuyaogopa hivyo. Tukiogopa asubuhi yake. Nahodha wako anasemea kwenye kipaza sauti, hakuna anomwona, hana aibu hata ya chembe. Ndo maana hakutishi.

Mleta uzi:
Aisee. Hili naliiba mkuu. Yule atakayepokea ujumbe duniani namfanya mama mkwe wake.

Mwana wa Wete:
Hapo sasa. Lakini ruhusa bado.

Kifaranga wa Eastlands:
Poleni majirani. Huku Nairobi tuko naye pia, wetu hana suspenda, anabeba mkoba wa ngozi hauna kitu ndani. Nilimwambia hata Katama Mkangi kwenye Walenisi, 1995, alimrusha mfungwa na chombo hadi nchi nyingine kabisa. Akasema ile ni istiari. Yake ni istiari, yangu ni upuzi. Sasa hii ndio shida yangu mimi: kila nikiandika roboti naulizwa "roboti huyu anamwakilisha nani?" Hamwakilishi mtu! Ni roboti! Ameharibika, anaua watu kwa lifti!

Ngosha Mstaafu:
Hahaha hiyo ni ya shuleni. Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed, babu katoka kaburini kamfuata mjukuu wake, mimi nimejifunika shuka mpaka kichwani. Kufika darasani mwalimu anasema babu ni utandawazi. Woga wote ukaniisha siku hiyo hiyo, sijawahi kumsamehe.

Kipusa Mkavu:
Kwa hiyo popobawa ni nani? TRA, watu wa kodi?

Sitaki Shari:
Anakuja usiku, anajificha usipomtarajia, na ukinyamaza anarudi. Mimi sijasema kitu.

Mleta uzi:
Popobawa ni POPOBAWA. Nyie ndio mzee wenyewe.

MODERATOR:
Uzi umehamishwa kutoka Jukwaa la Lugha na Fasihi kwenda Jukwaa la Mapishi.

Mleta uzi:
Mods mnanifanyia nini lakini?

Mama Kachumbari:
Karibuni jukwaani kwetu. Sambusa zinazotiririsha mafuta hivyo, huyo mpishi aliziweka mafuta hayajapata moto. Zinayanywa. Na manda zake zilikuwa nene, nina uhakika.

Arosto Sugu:
Mnamsema mzee bure. Hamsomi anachosoma huyo, angewasamehe. Tuwaseme WAANDISHI. Yule jamaa wa hadithi ya mke mwenye kwato mnamkumbuka? Katupandisha nayo mpaka sehemu ya 30. Mke kakaa ufukweni Kigamboni, jua linazama, mume kamwambia vua viatu tutembee, kanga inapanda taratibu, kifundo kinaanza kuonekana... ITAENDELEA. Season two shilingi 2,000, tuma kwa namba hii utaunganishwa group la WhatsApp.

Nikatuma. Nikaunganishwa. Group la kuuza vyombo vya ndani.

Bibi Mzaa Chema:
Jamani na wewe!!! Mimi nilidhani nimekosea namba. Nikakaa mle kwa adabu nikisubiri kwato, nikajikuta nimenunua hotipoti.

Kifaranga wa Eastlands:
Zinashika joto?

Bibi Mzaa Chema:
Mpaka adhuhuri ugali unatoa moshi. Hapo simlaumu.

Mleta uzi:
Wakuu turudi kwenye mada. Ukurasa wa 41, mtu kauchomoa, tishu zipo, kaanza na gumba...

Arosto Sugu:
Tulia mkuu, tunaongea mambo ya watu waliotapeliwa.

Ngosha Mstaafu:
Mimi sikulipa ila kuna mtu alinihakikishia zile siyo kwato. Eti mke alikuwa na ukucha wa kawaida tu, mume ndiye jini, hajijui.

Arosto Sugu:
USINIHARIBIE! Nimesubiri tangu kabla ya Ramadhani!

Spana Malaya ya Chuma:
Lakini mume akiwa jini, sehemu ya 12 pale msikitini aliswali vipi?

Mwana wa Wete:
Majini wengine Waislamu, hilo halina mjadala. Nyinyi watu wa bara mwaandika vitu msivyovijua.

Mama Kachumbari:
Mwenye sehemu ya 31 anirushie PM, natoa vocha.

Sitaki Shari:
Ninayo ila ni picha ya skrini, imekatikia pale mume anapoinama kumfungua kiatu.

Mama Kachumbari:
Rusha hivyo hivyo.

Arosto Sugu:
Na mimi.

Bibi Mzaa Chema:
Na mimi.

Mleta uzi:
Na mimi.