Naomba ushauri: mdahalo wa vitambulisho vya kupigia kura, nishike hoja ipi?

Habari zenu wakuu. Wiki ijayo nina mdahalo, na nimepangiwa upande unaosema sheria za Marekani zinazomtaka mpiga kura aonyeshe kitambulisho kituoni hupunguza wapiga kura. Nilidhani kazi ni nyepesi, sasa nimekwama.

Ripoti ya ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ya 2014 ilikuta kwamba Kansas na Tennessee, majimbo yaliyokaza sheria hizo, mahudhurio ya wapiga kura yameshuka kwa pointi kama 2 hadi 3 zaidi ya majimbo waliyoyalinganisha nayo. Nikafurahi. Halafu nikakutana na utafiti wa Cantoni na Pons wa 2021, uliofuatilia chaguzi za 2008 hadi 2018: hawakuona athari ya maana, hata kwa watu weusi. Wapinzani wangu wataupiga mezani dakika ya kwanza.

Ila kuna jambo linaniuma kweli. Sheria ya Texas ya 2011 ilikubali leseni ya kubeba bastola, kitambulisho cha mwanafunzi ikakikataa. Na bibi kizee ambaye cheti chake cha kuzaliwa kina jina la kwao, kadi nyingine zote zina jina la mume, anaambiwa kitambulisho ni bure, lakini makaratasi ya kukipata anayalipia. Bibi huyo haonekani kwenye wastani wa jimbo zima.

Je, niachane na takwimu za mahudhurio, nisimame kwenye haki ya mtu mmoja mmoja? Au nitaonekana nimekimbia mada? Mliowahi kubishania hili, nisaidieni tafadhali.