Naomba ushauri: mradi wa volkano na akiba ya mahindi

Habari zenu wakubwa. Niko chuo hapa Nakuru. Kikundi chetu kinaandika mradi kuhusu majanga yanayoweza kutikisa dunia nzima, nasi tumechagua mlipuko mkubwa wa volkano. (Wenzetu wanadhani ni Menengai, volkano ya hapa Nakuru, wanatucheka.) Tambora ya Indonesia ililipuka 1815, mwaka uliofuata baridi iliharibu mazao hadi Ulaya na Marekani. Ikitokea leo, Kenya itakula nini? Mhadhiri anasema mada ni pana mno, na nadhani yuko sahihi. Katiba ya 2010 iligatua kilimo, lakini akiba ya nafaka ya taifa iko kwa serikali kuu. Tubane wapi, kaunti au taifa? Na aliyewahi kuhoji maofisa wa maghala, barua ya chuo ilitosha, au walidai kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi?