Naomba ushauri: mtu wa hologramu kusimama hewani, inawezekana?
Wakuu, habari zenu. Naandika hadithi ya kisayansi na nimekwama kwenye mawasiliano ya hologramu, yaani picha ya mwanga inayoonekana na umbo kamili kama kitu halisi. Kwenye tamthilia ya Star Trek: Discovery mtu aliye mbali anasimama katikati ya chumba, mnatazamana machoni kabisa.

Kinachonisumbua ni mwanga. Hologramu halisi, iliyompatia mvumbuzi wake Dennis Gabor Nobeli ya fizikia mwaka 1971, unaiona ukitazama kuelekea kwenye bamba lake, yaani kioo au filamu ilimorekodiwa. Mwanga hausimami hewani bila kitu cha kuutawanya, mfano vumbi au mvuke. Halafu kamera za kumpiga picha huyo mtu wa mbali pande zote ziko wapi? Na yeye anaonaje chumba changu?

Wenye fizikia, nishaurini: nitumie ukungu mwembamba wa kutawanya mwanga, miwani ya kumwonyesha mtu huyo, au niache bila maelezo? Nataka msomaji mjuzi aniamini.