Hivi Dreyfus alifungwa kwa sababu ni Myahudi tu?

MamaNeema_Moshi: Habari zenu wakuu, leo kwenye daladala ya Kiborloni wazee wamebishana kuhusu Dreyfus, yule kapteni wa jeshi la Ufaransa, mmoja anasema kosa lake ni Uyahudi tu. Ni kweli? Mahakama nzima ikubali hivyo?

Mzee_Sakina: Kweli kabisa dada. 1894 ilipatikana karatasi kwenye kapu la takataka la ubalozi wa Ujerumani pale Paris, ina siri za jeshi, wakamdaka Dreyfus eti mwandiko unafanana. Sasa sikia hii, Bertillon, mtaalamu wa polisi, alipoona kuna sehemu haufanani akasema jamaa kaigiza mwandiko wake mwenyewe ili azuge!! Yaani ukifanana umeisha, usipofanana umeisha. Halafu majaji wakapewa faili la siri ambalo wakili wake hakuonyeshwa, hiyo ndo inaniuma mpaka leo.

Ngaramtoni_boy: Na Januari 1895 wakamvua cheo cha jeshi na kumvunjia upanga hadharani, yeye anapaza sauti hana hatia, umati nje unataka Wayahudi wafe. Akatupwa Kisiwa cha Ibilisi, kisiwa cha wafungwa kule Guiana ya Ufaransa. 1896 Picquart, mkuu wa ujasusi wa jeshi, kagundua mwandiko wa ile karatasi ni wa afisa mwingine, Esterhazy, wakubwa wakamhamishia huyo Picquart Tunisia

MamaNeema_Moshi: Jamani! Kwa hiyo Esterhazy alifungwa?

Mzee_Sakina: Wapi! Aliachiwa 1898, ndo mwandishi Zola akawalipua wakubwa gazetini. Hata afisa Henry alikiri kughushi barua ya kumkandamiza Dreyfus, bado 1899 wakamtia Dreyfus hatiani TENA, rais akamsamehe, jina kasafishwa 1906. Mi siiti makosa ya mahakama hayo, walijua.